Mali Inayotumika Haifichiki

Hukumu ya mahakama hailipi deni. Jambo hili huwashangaza wengi wanaoshinda kesi ya madai kwa mara ya kwanza. Hakimu amesoma, gharama zimepigwa hesabu, tuzo imetolewa na kugongwa muhuri, na kesho yake mshindi anaamka na karatasi mkononi na mfuko uleule wa jana. Mahakama haina mtumishi wa kuzunguka mjini kumtafutia mali ya mdaiwa wake. Anayetaka kukazia hukumu ndiye anayepaswa kurudi na maombi yanayoitaja mali hiyo: kiwanja namba ngapi, kitalu gani, kimepakana na nani, gari lenye usajili gani, akaunti iliyo benki ipi. Asipoitaja, dalali wa mahakama hana pa kwenda.

Kati ya karatasi na mali ndipo ulipo ufundi ninaotaka kuusifu. Wanaoufanya hawana jina moja. Benki huwaita maofisa wa urejeshaji mikopo. Wengine ni mawakili, wengine wahasibu, wengine madalali waliokomaa, wengine askari wastaafu waliogeukia upelelezi wa kujitegemea. Mtu wa kawaida akiwafikiria huona lori limeegeshwa mlangoni, makochi yanatolewa nje na majirani wamejaa barazani. Hiyo ni kazi ya saa chache za siku ya mwisho. Kabla yake kuna miezi ya kusoma, kulinganisha na kungoja, na huko ndiko fundi hodari anakoachana na mtu wa vitisho.

Kazi yote imesimama juu ya wazo moja. Mtu anaweza kuificha mali yake, na anaweza kuitumia. Kuyafanya yote mawili kwa pamoja ni kazi ngumu mno. Nyumba iliyofichwa kabisa haina mpangaji. Lori lililofichwa kabisa halibebi mzigo. Fedha iliyofichwa kabisa hailipi ada ya shule wala haimtibu mgonjwa. Siku mwenyewe anapotaka kuifaidi mali yake hulazimika kupita kwenye daftari la mtu mwingine, na mafundi wa kazi hii wamejifunza kukaa karibu na madaftari.

Jalada kabla ya barabara

Mgeni katika kazi hii hutamani kutoka nje mara moja, kuulizauliza mitaani. Mzoefu huanza kabatini. Jalada la mkopo lina kitu kisichopatikana kwingine kokote, nacho ni maneno ya mdaiwa mwenyewe, yaliyoandikwa siku ambayo alikuwa na kila sababu ya kutaja alichonacho. Siku ya kuomba mkopo alikuwa na duka Kariakoo, shamba Mkuranga, Fuso mbili na hisa katika kampuni ya kaka yake. Siku ya kudaiwa hana kitu. Fundi huziweka orodha hizo mbili sambamba, kisha kwa kila kilichotoweka huuliza maswali matatu: kilikwenda lini, kwa nani, na kwa bei gani.

Kisha huja taarifa ya akaunti. Asiyejua huishia kwenye salio, na salio la mdaiwa sugu mara nyingi ni shilingi elfu chache zilizoachwa ili akaunti isifungwe. Mzoefu husoma mwendo wa fedha. Kila Machi kuna malipo kwa kampuni ya bima: ni bima ya chombo gani? Kila baada ya miezi sita fedha ileile inaingia kutoka kwa mtu yuleyule, na Dar es Salaam fedha inayokuja kwa mkupuo wa miezi sita hunukia kodi ya nyumba. Mdaiwa anasema amepanga vyumba viwili Mbagala, lakini kwa miaka miwili amekuwa akinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwa mita tatu tofauti. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo Tanzania hulipwa humohumo kwenye manunuzi ya umeme, hivyo mita ya LUKU imegeuka kuwa mlango mmoja zaidi wa kugonga.

Hapa ndipo uadilifu wa kazi unapoonekana. Mita tatu hazithibitishi nyumba tatu, kwa kuwa hata mpangaji hununua umeme, na mwana mwema huwanunulia wazazi. Fundi wa kweli hutenganisha dalili na ushahidi, na hapeleki dalili mahakamani. Dalili humpa mahali pa kwenda kuuliza tu. Wanaoshindwa kazi hii, wengi wao huangukia hapo: wameona gari mlangoni pa mdaiwa, wamelikamata, na wiki inayofuata shemeji yake ameibuka mahakamani na kadi ya gari yenye jina lake. Pingamizi la mtu wa tatu likikubaliwa, mali inarudishwa, mkamataji anabebeshwa gharama, na mdaiwa halisi amepata onyo la bure la kuhamisha vilivyobaki.

Majina na kampuni

Masjala hujibu swali lililoulizwa, kama lilivyoulizwa. Ukitafuta Mohamed hutampata Mohammed, wala Muhammad, wala Mohamedi aliyeandikwa na karani wa wilaya miaka 30 iliyopita. Kwa hiyo fundi huandaa kwanza orodha ya namna zote ambazo jina la mdaiwa limewahi kuandikwa: kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye hati ya kuzaliwa, kwenye leseni ya biashara, kwenye kadi ya chama cha ushirika. Jibu la kwamba hakuna kumbukumbu halimkatishi tamaa. Analisoma kuwa maana yake ni kwamba hakuna kumbukumbu kwa tahajia hiyo.

Utaratibu wetu wa majina pia ni rafiki yake. Kwa kuwa mtoto hubeba jina la baba, mdaiwa anayeitwa Salum akimwandikisha binti yake kuwa mwenye hisa, jina la Salum linabaki palepale katikati au mwishoni, likisubiri msomaji makini. Jina hilo peke yake halitoshi, maana kina Salum wamejaa pwani nzima. Lakini mwenye hisa huyo akiwa na miaka 19, kampuni ikiwa imeandikishwa miezi miwili baada ya mkopo kuanza kuyumba, na sanduku lake la posta likiwa lilelile la duka la zamani la baba, basi mambo manne madogo yamekutana mahali pamoja.

Tanzania, mahali pa kusomea hayo ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Jalada la kampuni huonyesha wakurugenzi, wanahisa, anwani, na mali zilizowekwa dhamana, kwa sababu dhamana juu ya mali ya kampuni hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 42. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliongeza jambo kubwa zaidi: kampuni lazima zimtaje mtu halisi anayenufaika nyuma ya majina yaliyo kwenye karatasi. Kabla ya hapo, mfuatiliaji aliyefika kwenye kampuni inayomilikiwa na kampuni iliyomilikiwa na kampuni nyingine alikuwa amefika ukutani. Sasa kampuni zinalazimika kulijibu swali la nani hula mwisho wa mnyororo.

Napenda zaidi namna wanavyosoma tarehe. Mtu mwingine hutazama jina la mwenye mali. Wao hutazama siku aliyoipata. Hati ya kiwanja inayoonyesha kwamba mdaiwa alimpa mdogo wake nyumba kama zawadi ya upendo haina kosa lolote. Ila upendo huo ukiwa ulizuka siku kumi baada ya barua ya madai ya benki, bila bei, na mtoaji akiendelea kulala katika nyumba hiyohiyo, wakili anakuwa na hoja ya kuiomba mahakama ivunje uhamisho huo. Aliyetoa zawadi hakudanganya kwenye karatasi hata moja, lakini kalenda imemsema.

Ardhi hutafutwa kwa miguu

Kwenye ardhi teknolojia hufika mahali ikasimama. Upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati huanzia kwenye namba ya hati au ya kiwanja. Ukishaipata, utaonyeshwa mmiliki, rehani zilizopo, mazuio, na mfuatano wa waliomiliki. Ukiwa na jina tu la mtu, huna pa kuanzia. Kwa hiyo lazima mtu aende.

Kwenda kwenyewe kuna adabu yake. Mfuatiliaji mwerevu hafiki mtaani na gari la benki. Hufika kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hujitambulisha kwa barua, hueleza shida yake kwa ufupi. Katika maeneo ambayo hayajapimwa, mwenyekiti na mjumbe ndio masjala: mauziano mengi yalifanyika mbele yao, na nakala zimo kwenye makabrasha yao. Baada ya hapo huongea na watu ambao mdaiwa hakuwahi kuwahesabu. Fundi mwashi aliyejenga ghorofa akabaki anadai nusu ya ujira wake atakuelekeza hadi kwenye jiwe la mpaka. Muuza kokoto anakumbuka alipeleka mchanga lori ngapi na wapi. Mdaiwa sugu hana mdai mmoja. Kati ya wadai wake wadogo mna mashahidi wakubwa, na kosa lake kubwa ni kudhani kwamba mtu asiye na wakili hana kumbukumbu.

Namba ikipatikana, upekuzi unafanyika, na hapo fundi huonyesha sifa nyingine, ya kujua cha kuacha. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinamlinda mwenzi wa ndoa: nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa yake. Afisa mzoefu hutazama ridhaa hiyo kabla ya kuhesabu thamani ya nyumba, kwa sababu anajua mke ambaye hakusaini anaweza kusimamisha mnada asubuhi ya siku yenyewe. Nairobi, ambako kumbukumbu za ardhi zilianza kuhamishiwa kwenye mfumo wa Ardhisasa mwaka 2021, upekuzi unaweza kufanyika mezani, lakini swali la nani anaishi ndani ya nyumba na kwa haki gani bado linataka mtu wa kwenda kubisha hodi.

Chombo cha safari na deni la mdaiwa

Magari huonekana rahisi na ndiyo yenye hila nyingi. Usajili upo, kwa mamlaka ya mapato (TRA) Tanzania na mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) Kenya, na bima ya gari huweza kuhakikiwa kwa namba yake. Ugumu ni kwamba lori lina magurudumu. Leo lipo Tunduma, kesho Lubumbashi. Wenye kazi yao hawalikimbizi. Huketi chini wakauliza lori la namna hiyo linaishije. Lazima lipakie, na mizigo ya kwenda Zambia na Kongo hupakiwa bandarini Dar es Salaam. Lazima lipite mizani, na anayetoka Dar kwa barabara ya Morogoro atakutana na mizani ya Vigwaza. Lazima lilale mahali, likarabatiwe kwa fundi fulani anayeaminiwa na tajiri wake, libadilishwe matairi. Mwisho wa hesabu hiyo kuna maegesho mawili au matatu ambamo lori litaonekana ndani ya mwezi, na amri ya kukamata inakuwa imeshasainiwa inasubiri.

Kenya wana daftari jingine linalopendeza kulisoma. Sheria ya mwaka 2017 ya haki za dhamana katika mali zinazohamishika ilianzisha rejista ya kielektroniki ambamo mkopeshaji huandikisha haki yake juu ya mashine, mifugo, mazao shambani, hata fedha ambazo mkopaji anawadai wateja wake. Mfuatiliaji huifungua kwanza ili ajue nani yuko mbele yake kwenye foleni. Kumkamata ng'ombe ambaye tayari ni dhamana ya mwingine ni kumfanyia mwingine kazi.

Lakini njia ninayoiona kuwa na akili kuliko zote haimgusi mdaiwa kabisa. Badala ya kuuliza mdaiwa ana nini, fundi hugeuza swali: je, mdaiwa naye anamdai nani? Mwenye kiwanda cha maji anayekwepa benki anawadai wenye maduka makubwa. Mwenye nyumba anawadai wapangaji kodi ya miezi ijayo. Mwenye malori anawadai wenye mizigo. Mahakama inaweza kumwamuru mtu huyo wa tatu kwamba fedha aliyokuwa ampe mdaiwa ailipe kwa mdai. Hakuna lori, hakuna godoro, hakuna kelele. Mdaiwa hugundua siku anapokwenda kuchukua hundi yake na kuambiwa imeshalipa deni.

Na pale ambapo daftari zote zimenyamaza, kuna kumhoji mdaiwa mwenyewe. Sheria za Tanzania na za Kenya zinaruhusu aitwe mahakamani, aapishwe, aulizwe kuhusu mali zake. Wakili asiye na uzoefu huanza kwa kumuuliza una mali gani, na hupata jibu analostahili: sina. Hodari huanza mbali. Umekuja na usafiri gani leo? Watoto wako wanasoma wapi? Ada ni kiasi gani, na risiti imeandikwa jina la nani? Ulipolazwa mwaka jana, nani alilipa hospitali? Kila jibu ni dogo na la kweli, kwa sababu hakuna anayeona hatari katika kutaja shule ya mwanawe. Mwisho wa saa moja mtu aliyeapa kwamba hana kipato ameeleza kwa kinywa chake maisha ya milioni nne kwa mwezi. Hapo swali la mwisho halihitaji hata kuulizwa kwa ukali: zinatoka wapi?

Kutoka meli hadi ndege

Ufundi huohuo, ukipewa bajeti na mawakili wa kimataifa, huvuka bahari. Amri maarufu ya kuzuia mali isihamishwe kabla kesi haijaisha, ambayo mawakili wa Afrika Mashariki nao huiita Mareva, ilipata jina lake kutoka kesi ya meli iliyoamuliwa London mwaka 1975. Waliokodi meli hiyo walikuwa wameikodisha tena kwa serikali ya India kubeba mbolea kutoka Bordeaux. India ikalipa pauni 174,000 kwenye akaunti yao London. Wao wakalipa awamu mbili za kukodi na kuacha ya tatu. Wenye meli walijua jambo moja tu, kwamba fedha imepita benki ile. Jaji Denning na wenzake wakakubali kwamba isiguswe. Tangu hapo kumfuata mdaiwa kukawa na maana zaidi, kwa kuwa kilichoonekana kingeweza kuzuiwa kabla hakijatoroka.

Aliyeijaribu amri hiyo hadi mwisho ni Mukhtar Ablyazov, aliyekuwa mwenyekiti wa benki ya BTA ya Kazakhstan. Serikali iliichukua benki hiyo Februari 2009, yeye akakimbilia London, na benki ikamfuata huko ikidai kwamba mabilioni ya dola yaliondoka kwa mikopo iliyotolewa kwa kampuni zake mwenyewe zilizo visiwani. Yeye amekana siku zote, akisema anaandamwa kwa siasa zake za upinzani, na mwaka 2016 baraza la juu la sheria za utawala la Ufaransa lilifuta amri ya kumpeleka Urusi kwa sababu ya siasa. Hata anayemwamini katika hilo anaweza kutazama ufundi wa walioifuata mali.

Agosti 2009 mahakama ilizuia mali zake, ikamwachia pauni 10,000 kwa wiki za kuishi. Yeye akasema anaishi kwenye jumba la kifahari la The Bishops Avenue, kaskazini mwa London, kama mpangaji. Wafuatiliaji wakafanya kile ambacho afisa wa Kariakoo angefanya: wakauliza mpangaji anamlipa nani, mwenye nyumba ni kampuni gani, na kampuni ni ya nani. Shemeji yake alifuatiliwa hadi ghala la kukodi kaskazini mwa mji. Amri ya upekuzi ikapatikana, na humo yakakutwa masanduku ya nyaraka za kampuni kadha wa kadha. Februari 2012 jaji aliamua kwamba alidanganya mahakama kuhusu mali, ikiwemo nyumba aliyokuwa akilala, akamhukumu miezi 22 jela. Hakujisalimisha. Julai 2013 alikamatwa kusini mwa Ufaransa.

Kipande cha kesi hiyo kinachonivutia zaidi ni kidogo na kikavu. Ablyazov aliwalipa mawakili kwa fedha alizosema amekopeshwa na kampuni mbili, kwa mikataba yenye jumla ya pauni milioni 40. Hoja yake ilikuwa kwamba mkopo ni mzigo, hauwi mali. Vipi amri ya kuzuia mali iuguse? Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba, kwa maneno ya amri ile, haki ya kuielekeza fedha ya mkopo iende unakotaka nayo ni mali. Mtu aliyefuata mwendo wa fedha badala ya jina lake alikuwa ameona hivyo zamani.

Watanzania wanaijua kazi hii kwa uchungu zaidi kupitia ndege zao. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba Bombardier Q400 iliyonunuliwa na serikali imezuiwa Canada, kabla hata haijakabidhiwa, kwa sababu ya kampuni ya ujenzi iliyokuwa ikidai dola milioni 38. Agosti 2019 Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg kwa maombi ya mkulima mstaafu, Hermanus Steyn, aliyedai dola milioni 33 kama salio la fidia ya mali zilizotaifishwa miaka ya 1980. Mahakama ya huko iliiachia Septemba 4, na kisheria serikali ilikuwa na hoja zake. Ila tazama namna mdai alivyofikiri. Serikali ina majengo, akaunti, barabara. Karibu vyote vimo ndani ya nchi au vinalindwa na kinga. Ndege hizo zilikuwa zimekodishwa na shirika la ndege la ATCL, lakini mwenye kumiliki alikuwa wakala wa ndege wa serikali, na ndege haiingizi fedha ikiwa imefungiwa Dar es Salaam. Shirika lilipoanza safari za Johannesburg mwaka huohuo, mali ikaruka yenyewe hadi kwenye mahakama ya mdai, kwa ratiba iliyotangazwa kwa abiria wote.

Mikono mifupi ya fundi

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania ina orodha ya vitu ambavyo kukazia hukumu hakuvifikii: nguo na matandiko, vyombo vya kupikia, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima, na nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, isipokuwa kama mwenyewe aliiweka rehani. Nimeona wanaokereka na orodha hiyo. Mafundi wazuri hawaipigi vita, kwa sababu inawalazimisha kutafuta mali ya kweli. Cherehani ikichukuliwa, mwenye cherehani hatalipa milele. Akiachiwa, na tuzo ina maisha ya miaka 12, kuna muda wa kumngoja ainuke.

Ndiyo maana siwahesabu katika ufundi huu wakopeshaji wa riba za kunyonya waitwao kausha damu, wanaobeba jiko la mama ntilie, wala programu za simu zinazomtangaza mkopaji kwa kila namba iliyomo kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kuwatumia ujumbe mashemeji na bosi wa mtu hakufuatilii mali yoyote. Kunafuatilia aibu, na aibu humwingia zaidi maskini mwaminifu kuliko tajiri mkwepaji, ambaye alishaizoea. Fundi wa kweli humtazama mdaiwa na kujiuliza kwanza kama hana au hataki. Asiye na kitu anahitaji kupangiwa upya marejesho, na afisa mwenye busara humwandikia bosi wake hivyo: jalada lisogezwe, hapa hakuna cha kufuata. Ripoti hiyo nayo ni matunda ya uchunguzi uleule.

Faida yake haiishii benki. Mkopeshaji asiyeweza kuifuata mali hujilinda kwa mojawapo ya njia mbili: hudai dhamana kubwa kuliko mkopo wenyewe, au hupandisha riba ili wanaolipa wawabebe wasiolipa. Zote mbili humwangukia mtu yuleyule, mwenye genge, mwenye bajaji, mshonaji wa Manzese ambaye biashara yake inalipa lakini hana hati ya nyumba. Kuyapata madeni ya wakubwa wanaokwepa ndiko kunakofanya iwezekane kumkopesha yeye kwa kuitazama biashara yake peke yake. Kwa hiyo anayetaka mikopo nafuu asiishie kudai riba ishuke. Adai pia kwamba karani wa masjala aandike jina la mmiliki sawasawa, mwenyekiti wa mtaa atunze nakala za mauziano, na kampuni zimtaje mwenye kufaidika. Dawa ya deni kulipa, wahenga walisema. Na anayelipa kwa uaminifu hastahili kutozwa dawa ya mwenzake.